Kijivu Kilichopotea: Picha za Historia ya Mafia na Mafaili ya Zamani ya Kompyuta



Anayealikwa kutoa mhadhara katika mfululizo kama huu hutazamiwa kuja na utenzi, au tarehe ya mji fulani, au walau msamiati wa lahaja moja ya pwani. Mimi nimekuja na mafaili ya picha. Naomba mnivumilie, kwani tutazunguka kidogo kabla ya kurudi palepale penye maandishi ya Kiswahili.

Jambo ninalolichunguza ni hili: picha yenye vivuli vya kijivu, iliyokwisha kuingizwa katika kompyuta, inapogeuzwa na kuhifadhiwa katika muundo wa faili wa zamani, nini hubaki na nini huondoka? Mafundi wa kompyuta hulijibu swali hili kwa sentensi moja au mbili, na majibu yao ni sahihi. Hata hivyo, naona kwamba mafundi wameachiwa peke yao kazi ambayo nusu yake ni ya msomaji. Sisi tunaosoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu tunajua kwamba nukta moja inaweza kuigeuza nazi ikawa nari. Anayeamua ipi ni nukta na ipi ni uchafu wa karatasi anafanya kazi ya usomaji, awe anajua au hajui kuwa anaifanya.

Kisiwa cha Mafia ndicho kitakachokuwa mfano wangu mkuu, na sababu nitaieleza sasa hivi.

Mafia machoni pa kamera

Mafia inatazamana na delta ya mto Rufiji, nayo imezungukwa na visiwa vidogo kama Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Mwanafunzi wa historia anayefika huko hukuta ushahidi mwingi wa mawe. Kuna magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, yenye misikiti, makaburi na majumba ya matumbawe na chokaa. Na kuna mabaki ya Kisimani katika ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu. Maandishi ya wenyeji wenyewe yaliyochapishwa, kinyume chake, ni machache. Masimulizi aliyoyakusanya Kadhi Amur Omar Saadi, ambayo ndiyo msingi wa mengi tunayoyasema kuhusu Kua na uhasama wake na Kisimani, yalitokea katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1941, nayo yalitokea kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya D. W. I. Piggott. Wengi wetu tunayanukuu kwa Kiingereza hichohicho, kisha tunayarudisha katika Kiswahili kwa kubahatisha. Mtu wa Juani akitusikia, sijui atasemaje.

Kwa kuwa maandishi ni machache, picha zina uzito usio wa kawaida. Oscar Baumann alichapisha huko Leipzig kitabu chake juu ya Mafia mwaka 1896, pamoja na ramani, miaka sita baada ya mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliokiacha kisiwa katika himaya ya Wajerumani. Mchoro wa ramani hautupi taabu katika habari yetu ya leo, maana ramani ya mistari ni nyeusi na nyeupe tangu kuzaliwa kwake. Taabu inaanza na kamera.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na sababu yao kubwa ilikuwa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia. Delta ile ilitazamwa na kupigwa picha kutoka angani wakati ambapo urubani wenyewe ulikuwa bado mchanga. Hebu fikirieni picha ya mahali kama pale: maji ya tope, kingo za matope, mikoko, na meli iliyofunikwa kwa matawi ili isionekane. Hakuna hapo cheusi wala cheupe. Tofauti ya meli na msitu ni tofauti ya kijivu na kijivu, na aliyeifahamu tofauti hiyo ndiye aliyeiona meli.

Baadaye walikuja wanaakiolojia. Neville Chittick, aliyekuwa Mhifadhi wa Mambo ya Kale wa Tanganyika, alichimba Kisimani na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1961. Kisimani pia kumeokotwa sarafu za masultani wa Kilwa, vipande vidogo vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu. Naomba muiweke akilini sarafu hiyo. Shaba yake ni ya rangi moja, herufi na uwanja wake sawasawa. Herufi imeinuka kidogo tu juu ya uwanja, wakati mwingine kwa kimo kisichozidi unene wa karatasi, na mpiga picha huiangaza kutoka ubavuni ili mwinuko huo utupe kivuli. Kwa hiyo mtu asomaye jina la sultani katika picha ya sarafu, kwa kweli anasoma kivuli.

Wakati huohuo bahari imeendelea na kazi yake. Sehemu kubwa ya mji wa Kisimani imekwisha kuliwa na maji, na kilichopigwa picha zamani katika ufuo ule si lazima kiwepo leo. Picha mbaya ya msikiti unaosimama mtu anaweza kwenda kuipiga upya. Picha mbaya ya ukuta uliokwisha kuzolewa na mawimbi haina dawa.

Daraja 256 na kizingiti

Skana inapoisoma picha huigawa katika miraba midogo sana, ambayo tumezoea kuiita pikseli, na kila mraba huupa namba. Katika picha ya kijivu ya kawaida namba hizo huanzia 0, yaani weusi kamili, hadi 255, yaani weupe kamili. Kila namba huhifadhiwa kwa biti 8, au baiti moja.

Miundo mingi ya zamani ya mafaili ya picha haikuwa na nafasi ya daraja hizo zote. Faili la programu ya MacPaint, iliyokuja na kompyuta ya Macintosh mwaka 1984, lilikuwa na pikseli 576 kwa 720, na kila pikseli ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Muundo wa TIFF, uliotolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1986 kwa ajili ya skana, ulianza vivyo hivyo, maana skana za wakati ule kwa kawaida zilitambua rangi hizo mbili tu. Kanuni za kimataifa za faksi, za mwaka 1980 na za 1984, nazo zilihusu karatasi ya wino mweusi juu ya weupe; na kanuni hizo za kubana kurasa za faksi ziliingizwa ndani ya TIFF na zikawa njia ya kawaida ya kuhifadhi nyaraka za maofisi dunia nzima. Mwaka 1987 CompuServe ilitoa GIF, iliyoweza kubeba rangi zisizozidi 256 katika picha moja. Hapo kijivu kilipata hifadhi, lakini mashine na mazoea vilikuwa bado nyuma.

Basi picha ya kijivu iingie vipi katika faili lisilojua kijivu? Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kizingiti. Neno letu hili linafaa kuliko nilivyotazamia nilipolitafuta: kama mlangoni, kuna mahali pa kuvuka. Kizingiti kikiwekwa kwenye 128, pikseli yoyote iliyo juu ya namba hiyo huingia weupe, na iliyo chini hubaki katika weusi. Hakuna anayesimama katikati.

Chukueni ukurasa wa mswada mkongwe. Karatasi imekuwa ya kahawia, na skana inaipa namba 170 hivi. Wino mzito wa herufi ni 60. Nukta iliyoandikwa kalamu ilipokuwa inakauka ni 140. Doa la unyevu katika pambizo ni 115. Jicho la msomaji halipati shida: nukta ni nukta kwa sababu ipo mahali pa nukta na umbo lake ni la kalamu, na doa ni doa. Kizingiti cha 128 hakijui kalamu. Nukta inavuka na kutoweka katika weupe, na doa linabaki kuwa jeusi tii kama herufi. Mkikipandisha kizingiti hadi 150 ili kuiokoa nukta, madoa mengine yaliyokuwa 145 nayo yanaingia. Kila namba mtakayochagua ni hukumu juu ya ukurasa mzima, ilhali ukurasa haukuchakaa kwa usawa.

Njia ya pili ni kutawanya vitone. Robert Floyd na Louis Steinberg walieleza mwaka 1976 namna ya kufanya hivyo kwa hesabu: pikseli inapolazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe, kosa lililotokea hugawiwa jirani zake ambazo hazijaamuliwa, na hivyo kijivu cha wastani kinatokeza kama mchanganyiko wa vitone vyeusi na vyeupe. Jicho likiwa mbali hudanganyika na kuona kijivu. Kwa picha za watu na mandhari njia hii ni bora mno kuliko kizingiti. Kwa maandishi yenye nukta ni hatari ya aina nyingine, maana ukurasa mzima hujaa nukta zisizoandikwa na mtu.

Wazo lenyewe si la kompyuta. Wachapaji walilitumia karne moja kabla. Georg Meisenbach wa Munich alipata hataza ya mbinu yake ya picha za vitone mwaka 1882, na tangu hapo magazeti na majarida, pamoja na yale tuliyoyarithi hapa kwetu, yalichapa picha kwa vitone vikubwa na vidogo vya wino mmoja mweusi. Anayechukua lenzi na kuitazama picha ya gofu katika jarida la zamani hataona kijivu hata chembe. Ataona vitone. Picha kama hiyo ikipita katika skana na kugeuzwa tena kuwa vitone, vitone vya kompyuta huangukia juu ya vitone vya mchapaji na hutokea mawimbi na mistari ambayo haikuwako. Aliyewahi kulaza chandarua kimoja juu ya kingine akatazama mwanga kwa kupitia vyote viwili anayajua mawimbi hayo. Nimepata kuonyeshwa chapa ya picha ya ukuta wa kale ambayo mwanafunzi mmoja aliieleza kuwa na nakshi za msalaba-msalaba. Nakshi zile zilikuwa za vyandarua viwili.

Hesabu ya disketi

Isidhaniwe kwamba watu waliokigeuza kijivu walikuwa wazembe. Tufanye hesabu. Karatasi ya A4 ikipitishwa katika skana kwa nukta 300 kwa inchi huwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani pikseli 8,699,840. Kwa daraja 256 hiyo ni baiti idadi hiyohiyo. Disketi ya inchi tatu na nusu, ambayo wanafunzi wa leo wanaijua kama alama ya kuhifadhi tu, ilibeba baiti 1,474,560. Ukurasa mmoja wa kijivu usiobanwa ulihitaji disketi sita. Ukurasa huohuo ukigeuzwa kuwa weusi na weupe unakuwa baiti 1,087,480, na unaingia katika disketi moja na nafasi inabaki. Ukibanwa kwa kanuni za faksi, ukurasa wa kawaida wa maandishi hushuka hadi makumi machache ya maelfu ya baiti, na disketi moja inabeba kurasa thelathini au zaidi. Mtu mwenye mswada wa kurasa 120 na bajeti ya kuombaomba angefanya nini?

Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilipokuwa kijana katika kazi ya kunakili nyaraka, niliketi mbele ya kompyuta na kugeuza mamia ya kurasa, na kizingiti sikukichagua mimi. Kilichaguliwa na programu, nami sikujua kuwa kipo. Nilijua tu kwamba kurasa zilitoka safi. Usafi ule niliufurahia. Karatasi ya kahawia ilitoka nyeupe kama kanzu ya Ijumaa, na mzee mmoja aliyekuwa akisimamia kazi alinisifu.

Ni miaka mingi baadaye nilipozilinganisha kurasa chache na asili zake ndipo nilipoelewa usafi ule ulitoka wapi.

Nukta

Hapa ndipo penye hoja yangu, nanyi mtaniwia radhi nikikaa.

Hati za Kiarabu zina familia za herufi zenye mwili mmoja. Be, te, the, nuni na ye, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, ni jino lilelile. Kinachozitenga ni idadi ya nukta na mahali pake. Re na ze hutofautiana kwa nukta moja. Sini na shini hutofautiana kwa nukta tatu. Mwandishi wa Kiswahili, zaidi ya hayo, mara nyingi alitumia herufi moja ya Kiarabu kwa sauti kadhaa za lugha yetu: be ilibeba b, p na mb, fe ilibeba f, v na mv. Msomaji alikuwa tayari amebebeshwa mzigo wa kukisia kwa muktadha. Nukta na irabu ndizo zilizompunguzia.

Sasa ondoeni nukta moja. Nazi inakuwa nari, na katika kisiwa cha minazi kama Mafia tofauti ya zao na moto si ndogo. Aliyepoza anakuwa aliyepora. Kuza linakuwa kura. Mkiondoa nukta tatu za shini, shaka linasomeka saka. Mifano hii nimeitunga ili ionekane wazi. Katika mswada halisi muktadha mara nyingi huokoa. Lakini katika ushairi, ambamo neno lisilotazamiwa ndilo mara nyingi lililokusudiwa, na katika hati za mali, ambamo majina ya watu na ya mashamba hayana muktadha wa kuyalinda, msomaji hana pa kushika.

Ukubwa wa nukta nao una hesabu yake. Nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita, katika skana ya nukta 300 kwa inchi, ina upana wa pikseli sita hivi. Hiyo inatosha. Katika faksi ya kawaida, yenye mistari 98 kwa inchi kwa wima, nukta hiyo inapata mistari miwili. Katika ukubwa wa MacPaint, nukta 72 kwa inchi, inapata pikseli moja na kitu. Hapo nukta na vumbi ni ndugu wa baba mmoja.

Na programu nyingi zina msaada ambao hakuna aliyeuomba. Baada ya kugeuza picha kuwa weusi na weupe hupita kufuta vitone vidogo vilivyosimama peke yake, kwa kudhani ni vumbi la kioo cha skana. Kwa ukurasa wa hati za Kilatini hasara yake ni kichwa cha herufi i. Kwa ukurasa wetu, programu inazifuta hasa zile alama zilizoandikwa ili zisimame peke yake. Fundi aliyeitunga hakuwa na nia mbaya; lugha aliyoisoma haikuwa na haja ya nukta zetu.

Hata mbinu mpya zaidi zimeleta mtego wake. Kanuni ya JBIG2, iliyokamilishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kurasa za weusi na weupe, huruhusu kompyuta kuhifadhi umbo moja na kulitumia tena kila inapoona umbo linalofanana nalo. Agosti 2013 David Kriesel, mwanasayansi wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nakala, 6 ikawa 8, bila dalili yoyote ya ukungu au uchafu. Kampuni ilitoa marekebisho. Mimi niliposoma habari ile sikufikiria tarakimu. Nilifikiria jino la be na jino la nuni.

Wataalamu wa lugha hawatashangazwa na lolote kati ya haya, maana sisi wenyewe tumekwisha kulipitia katika tahajia. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi na W. E. Taylor katika kuandika tungo za Kimvita kwa uangalifu uliozitofautisha sauti ambazo tahajia sanifu iliyokuja baadaye haizionyeshi. Anayesoma maandishi sanifu peke yake hahisi pengo, kwa sababu ukurasa wa Kilatini unaonekana kamili. Kizingiti cha tahajia kilikwisha kuvukwa kabla hajafungua kitabu.

Nyuso

Nimezungumza juu ya herufi kwa sababu niko mbele ya wataalamu wa lugha, lakini kuna hasara nyingine ambayo siwezi kuiacha.

Chukueni picha ya watu waliosimama barazani, katika kijiji chochote cha pwani, jua la saa nane. Kanzu na kofia zinafika 230. Ukuta wa udongo 150. Nyuso ziko kati ya 40 na 90. Katika kijivu, daraja hizo hamsini zinatosha kuonyesha tabasamu, makunyanzi, jicho lililokunjwa kwa mwanga, kovu. Kizingiti kikiwekwa katikati nyuso zote zinaanguka upande mmoja, na matokeo ni kanzu nyeupe zilizosimama wima na juu yake duara nyeusi. Sote tumeziona picha hizo katika vitabu vya shule vilivyochapwa upya na katika tasnifu zilizotolewa nakala kwa mashine. Chini yake huandikwa wanakijiji, au wavuvi, au wazee wa mji, kwa sababu hakuna awezaye tena kusema ni nani.

Watu wa Mafia wamepigwa picha na wageni wengi kwa zaidi ya karne moja, na mara chache sana wamebaki na nakala. Siku nakala inaporudi kisiwani ndiyo siku mjukuu anapotafuta sura ya babu yake. Faili litakalomfikia likiwa limepita katika kizingiti, atakachokiona ni kofia.

Ukale wa muundo na umaskini wa picha

Kutokana na haya wapo wanaohitimisha kwamba miundo ya zamani ni adui, na kwamba kila kitu kihamishiwe katika kipya kila kinapotokea. Sikubaliani nao. Wanachanganya mambo mawili.

TIFF ni muundo mkongwe. Toleo lake la sita ni la mwaka 1992, nalo hadi leo ndilo ambalo maktaba na nyaraka nyingi kubwa huhifadhia picha zao za asili, kwa kuwa linabeba daraja zote za kijivu, linaweza kuandikwa bila kubanwa, na maelezo yake yako wazi kwa kila mtu. JPEG, iliyosanifiwa mwaka huohuo wa 1992, hupunguza ukubwa kwa kutupa baadhi ya mambo ambayo jicho halitayakosa, na kingo kali za herufi ni miongoni mwa mahali inapofanya vibaya. Kuzunguka nukta ndogo hutokea ukungu wa mikwaruzo. GIF, kwa picha ya kijivu ya biti 8, haipotezi chochote, na hataza iliyoifanya watu waiogope ilikwisha Marekani mwaka 2003 na katika nchi nyingine mwaka 2004. Basi mtu anayegeuza picha ya kijivu kuwa GIF ya mwaka 1987 anaweza kuwa ameihifadhi vizuri zaidi kuliko aliyeibana mara tatu katika JPEG. Faili huharibu picha kwa wembamba wake. Miaka yake haina hatia.

Upo muundo mmoja wa zamani ninaoupenda kwa sababu za kilugha hasa. Unaitwa PGM, na ulitoka mwaka 1988 katika furushi la programu za Jef Poskanzer. Una namna mbili za kuandikwa, na mojawapo ni maandishi matupu. Mstari wa kwanza una herufi na tarakimu, P2. Unafuata upana na urefu wa picha. Inafuata namba ya weupe kamili, kwa kawaida 255. Baada ya hapo ni namba tu, moja kwa kila pikseli, zikitengwa kwa nafasi, kutoka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, kama tusomavyo Kiswahili cha Kilatini. Faili hilo ni kubwa kupita kiasi, na hakuna mwenye akili timamu atakayehifadhia maktaba nzima kwa namna hiyo. Lakini linaweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia barua. Likichapwa katika karatasi, mtu mwenye penseli na subira anaweza kuichora picha upya bila kompyuta. Tangu picha zilipoingia ndani ya mashine sijaona muundo mwingine uliokaribia hivyo kuwa mswada.

Hilo ndilo ninalolifanya siku hizi na wanafunzi, kabla hawajaruhusiwa kugusa kizingiti. Tunachukua picha ya kijivu, tunakata kipande kidogo, tunakigeuza kuwa PGM ya maandishi na kukichapa. Kila mmoja anapewa namba na kuombwa aseme herufi iko wapi. Baadaye tunageuza kipande hichohicho kuwa weusi na weupe kwa vizingiti vitatu tofauti, kila kimoja kikiandikwa pembeni mwa faili lake, na asili ya kijivu inabaki mahali pake bila kuguswa. Anayechagua kizingiti sharti awe mtu anayeweza kuusoma ukurasa, na akikichagua anatia jina lake. Mhariri wa utenzi hutia jina lake kwa maamuzi madogo kuliko hayo.

Mwezi uliopita kipande kilikuwa cha sarafu ya shaba iliyochakaa, ya namna ileile inayookotwa Kisimani. Mwanafunzi alisoma kwa sauti mstari mmoja unaokata shina la alifu: 131, 129, 133, 146, 152, 118, 109, 127, 130. Mwanga ulitoka kushoto. 152 ni ubavu wa herufi uliopata jua, na 109 ni kivuli chake. Wenzake waliweka kizingiti 128, kisha 140, kisha 115, na kila mara walipata michirizi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja kuwa ni herufi. Katika karatasi ya namba alifu ilikuwa bado imesimama, upana wa pikseli nne, baina ya 133 na 127.